Jiwe Alilonipa Mjomba Luhende

Siku ile naikumbuka vizuri kuliko hata siku niliyofunga ndoa, mwanangu Kabula, na mama yako mkubwa asisikie. Ilikuwa kiangazi, yapata saa nne asubuhi, nimesimama kando ya shimo la wachimbaji huko upande wa Geita, viatu vyangu vyeusi vya chuoni vimegeuka vyekundu kwa vumbi. Mjomba Luhende, kaka yake bibi yako, alinishika mkono, akanikunjua vidole, akaniwekea jiwe kiganjani. Wanaume watano waliokuwa nyuma yake wakasogea, wakingoja nitakachosema.

Lakini nimeanzia katikati. Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Juzi ulipokuja hapa kwangu Ngokolo, ulitoa shikamoo yako vizuri, ukakaa, ukanywa chai vikombe viwili bila kusema neno la maana, nikajua kuna jambo. Ulipolitoa, lilikuwa hili: uko mwaka wa tatu wa famasia, umeomba kuhamia shahada ya siasa na uhusiano wa kimataifa, chuo kimekubali kwa sharti la kuanza upya mwaka wa kwanza, na baba yako kule Didia hajui lolote. Ukaniomba nimwambie mimi, kwa kuwa mimi ni kaka yake na mimi mwenyewe nilihama hivyohivyo zamani. Ukaongeza kwamba kama sitaki, basi tunyamaze hadi utakapohitimu. Nikasema nitalifikiria. Nimelifikiria siku mbili, na jibu ninaliandika, maana nikilisema kwa mdomo utanikatisha kwa maswali. Nakujua.

Mimi, mwanangu, nilipelekwa chuo kikuu kusoma jiolojia. Miaka ile migodi mikubwa ndiyo kwanza ilikuwa inafunguliwa huku kwetu, na kila mzazi alitaka mtoto wa kuielewa ardhi. Pale Didia neno jiolojia liliwashinda, wakaliita mambo ya mawe. Mimi ambaye jina langu Makoye kwa Kisukuma ni taabu, nikaitwa Makoye wa Mawe. Bibi yako akienda kuteka maji anasalimiwa, "Mwadila, Mama wa Mawe," naye anaitikia kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya mto. Sijawahi kumwona mtu akilifurahia jina namna ile.

Chuoni nilikwenda na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vyetu vilivyokaushwa. Wenzangu wa Pwani walinicheka wiki ya kwanza. Mwisho wa muhula walikuwa wanagonga mlango wangu kwa adabu zote. Masomo nayo yalikwenda, si vibaya, si vizuri. Niliweza kutaja aina za miamba, niliweza kuchora ramani, lakini nikishafunga daftari, limefungwa. Sikuyaota mawe hata siku moja.

Basi mwaka wa tatu, alasiri moja, mvua ilinikuta njiani nikaingia ukumbi wowote niliouona uko wazi. Ndani mwalimu mmoja mwembamba alikuwa amechora ziwa ubaoni, Ziwa letu, na mto unaotoka ndani yake kwenda mbali kaskazini. Akawauliza wanafunzi wake nani anaruhusiwa kuyachota maji yale, na nani alimruhusu. Mimi nilidhani ni swali la kitoto. Kumbe kulikuwa na mikataba, kulikuwa na watu waliokaa mezani katika nchi ambazo hazijui hata kiu yetu ina ladha gani, wakatia saini. Nikamkumbuka mama yangu akifukua mchanga wa mto mkavu kwa kata, akisubiri maji yajikusanye, ndoo moja asubuhi nzima. Na Ziwa liko kule, halikutoka mahali pake hata siku moja. Nilitoka mle nimelowa hadi soksi na sikusikia baridi. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa na furaha, vyote pamoja, na nadhani hata wewe unajua ninachosema, kwa sababu juzi nilikiona usoni mwako.

Ilinichukua miezi mingi ya barua na kusubiri kwenye mabenchi ya ofisi. Mwishowe wakanikubalia, nikaanza upya na watoto waliotoka sekondari juzi. Hilo sikulijutia wakati ule na silijutii leo. Nataka ulisikie mapema hili, usije ukadhani nakuandikia ili nikurudishe kwenye famasia.

Ninalolijutia ni kwamba sikusema nyumbani. Nilipoulizwa mbona simalizi, nilijibu kozi ya mawe imeongezwa miaka. Mama akauliza kwa nini. Nikamwambia mawe ni mengi. Akakubali, maskini, akaenda kuwaeleza wenzake kisimani kwamba mawe ni mengi kuliko walimu walivyofikiri mwanzo.

Likizo iliyofuata alinituma nimpelekee kaka yake nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, huko machimboni. Mjomba Luhende alikuwa mfugaji na mkulima wa pamba pale Ibadakuli, lakini mvua zilipokataa misimu miwili alikwenda Geita kama wanaume wengi wa umri wake. Nilifika kwenye mji wa maturubai. Msikiti wa mabati umetazamana na kanisa la maturubai, akina mama wanakaanga mihogo, mashine za kusaga mawe zinanguruma tangu alfajiri hadi unasahau kwamba kuna ukimya duniani. Watu wa kila mkoa walikuwepo, na kila mmoja alikuwa anakaribia kupata. Hilo ndilo neno lao la kila siku, kukaribia.

Mjomba na wenzake watano walikuwa na duara lao, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo. Mmoja wao ndiye ninayetaka umjue, aitwaye Hamisi, mtu wa Kondoa, mtaratibu, mwenye sauti ndogo isiyolingana na mabega yake. Jioni niliyofika alinitandikia mkeka wake, akaniambia ana miaka minne hajafika kwao. Mama yake macho yalikuwa yanafifia. "Nimeahidi kwamba msimu huu ndio wa mwisho," alisema. "Nipate, nisipate, narudi, ila ningependa nirudi na kitu, anione kabla giza halijafunga." Alilisema hilo bila kujihurumia, kama mtu anayekueleza njia ya kwenda sokoni.

Sasa shida yao ilikuwa hii. Mwamba waliokuwa wanaufuata chini ulikuwa umepotea ghafla. Iliwezekana umekata kona kuelekea kilimani, au umeshuka kuelekea bondeni. Mvua zilikuwa zinakaribia, na mvua ikinyesha duara linajaa maji, kwa hiyo walikuwa na muda wa kuchimba upande mmoja tu. Mjomba alisema bondeni. Hamisi na wengine wanne walisema kilimani, maana jirani zao wa kilimani walikuwa wamepata. Wiki nzima walikuwa wanabishana, na mimi nikatokea na shati langu la chuo.

Ndipo asubuhi ile akaniwekea jiwe kiganjani.

"Makoye," akasema, "wewe ndiye msomi wetu. Hili limetoka pale mwamba ulipopotelea. Linasemaje?"

Mwanangu, nilikuwa na nafasi nyeupe kabisa ya kusema kweli. Maneno yenyewe yalikuwa machache: mjomba, mawe niliyaacha, na hata nilipokuwa nayasoma nisingeweza kulijibu hili kwa jiwe moja. Mtu hahitaji kwenda chuo kikuu ili aseme hivyo. Lakini niliinua macho nikawaona. Nikamwona Hamisi midomo inacheza, anaomba dua. Nikawaona wale wengine wameinamisha shingo upande wa kilima, hata hawajui kama wameinamisha. Nikajua wanachotaka kusikia, nikawapa.

"Fuateni upande wa kilima," nikasema.

Mjomba hakuondoa macho kwangu. "Una hakika, mjomba?"

"Nina hakika."

Kisha akasema, "Haya." Lile jiwe akalichukua kiganjani mwangu, akalitumbukiza kwenye mfuko wa shati langu, akaufunga kifungo. "Kaa nalo," akaniambia, akageuka kwenda kushika kamba.

Nilikaa pale siku tatu nyingine. Nilipewa kiti pekee kilichokuwa na miguu yote minne. Nililishwa ugali wa heshima, na Hamisi ndiye aliyenimiminia maji ya kunawa. Nilikula. Mpaka leo najiuliza nilikimezaje kile chakula.

Nikarudi chuoni. Niliendelea kusoma habari za mataifa na namna yanavyovunja ahadi zao, nikiandika insha ndefu zenye hasira, na lile jiwe liko ndani ya sanduku chini ya kitanda. Habari zilinifikia kupitia kwa mama: mvua zimekuja, duara limejaa maji, upande wa kilima haukutoa chochote, watu wametawanyika. Mwaka uliofuata wengine walichimba upande wa bondeni wakapata. Si nyingi, lakini walipata.

Likizo ilipofika nilikwenda moja kwa moja Ibadakuli kabla hata ya kufika nyumbani. Nilimkuta Mjomba Luhende uani kwake amekaa kwenye kigoda, anachambua pamba, nyeupe huku, yenye uchafu kule. Nikatoa shikamoo, akaitikia marahaba, akanisogezea lundo. Tukachambua kimya. Pamba ni kazi nzuri kwa mtu mwenye jambo zito, mikono ina shughuli na huhitaji kumtazama mwenzako. Nikasema yote. Nimeacha jiolojia, nasoma siasa na uhusiano wa kimataifa, siku ile nilikuwa nimekwisha kuhama, na jibu nililowapa nililitunga palepale.

Aliendelea kuchambua. Nilidhani hakusikia.

"Nilijua," akasema.

Nikamuuliza nani alimwambia.

"Wewe. Mtu wa mawe ukimpa jiwe, atalitazama jiwe. Atalilamba, atalipindua, atakusahau kama upo. Wewe hukulitazama hata kidogo. Ulitutazama sisi, mmoja baada ya mwingine. Nikasema moyoni, huyu kijana hayuko kwenye mawe."

Kisha akatoa lake jingine, na hapo sauti ilimpungua.

"Na mimi nilinyamaza. Niliogopa kukuaibisha mbele ya watu. Nikakuuliza una hakika, nikadhani utashtuka useme. Hukusema, na mimi nikaacha. Kwa hiyo lile shimo tumelichimba wawili, mjomba. Usilibebe peke yako, lakini sehemu yako uibebe."

Nikamuuliza habari za Hamisi.

"Kaondoka. Begi mkononi. Kakuachia salamu, kasema msomi alijitahidi, bahati tu ndiyo haikuwepo. Kasema anakuombea ufaulu."

Nililia, mwanangu, na sioni aibu kukuandikia. Ningependa mno kama angenitukana. Hakurudi tena machimboni, na kila nilipokutana na mtu wa Kondoa, miaka yote hii, nimeuliza. Sikumpata. Sijui kama mama yake alimwona.

Mjomba aliniacha nilie hadi nikachoka. Kisha akauliza, "Huo uhusiano wenyewe ndio kama wa wale watu wa mgodi wanaokuja na gari jeupe kutuambia tuhame?" Nikamwambia hapana, ni uhusiano wa nchi na nchi. Akaitikia kwa kichwa. "Huenda huko wanataka mtu anayetazama nyuso za watu. Si kipaji kibaya. Ila ukishauona uso wa mtu na ukajua anachotamani, hapo ndipo usimdanganye. Jiwe ukilidanganya halidhuriki."

Kesho yake alinisindikiza hadi Didia. Njiani alinionya kwamba hatasema neno, atakaa mlangoni tu. Akakaa mlangoni kweli, mgongo kwetu. Nikamwambia mama. Aliposikia siasa aliuliza, "Kwa hiyo utakuwa diwani?" Nikamweleza. Nikamweleza habari ya Ziwa, ya mikataba, ya ule mto mkavu na kata yake. Aliitazama ndoo yake pale pembeni, na najua alichokuwa anakiaga, lile jina lake la kisimani. Baba naye alitoka nje akaenda kwa ng'ombe na hakusema nami kwa siku nne. Siku nne, Kabula. Baada ya kuishi na uongo karibu miaka miwili, siku nne za kununiwa ni kitu gani?

Siku ya pili mama alikwenda kuteka maji kama kawaida. Walipomsalimia Mama wa Mawe, aliwaambia, "Mwanangu kaacha mawe, kaenda kwenye maji." Nilikuwa nimebeba ndoo nyuma yake, nilimsikia kwa masikio yangu. Sijapata mwalimu aliyeieleza shahada yangu vizuri kuliko hivyo.

Sikuwa balozi, unajua. Nilikuwa mtu wa mafaili, miaka mingi, katika ofisi zilizoshughulika na mambo ya Ziwa na nchi jirani. Niliandika kumbukumbu za vikao, nilitafsiri, nilitafuta viti vya wageni. Siku maji ya Ziwa yalipofika hapa Shinyanga kwa bomba, mama alikuwa hai bado. Alifungua koki, akayatazama yakimwagika mpaka nikamkumbusha aifunge. Wageni walipokuja aliwaambia maji hayo nimeyaleta mimi, na kwa mara moja ile sikumsahihisha. Unisamehe na hilo.

Sasa nije kwako. Kuhama si kosa. Umechelewa, ndiyo, na utasoma na watoto wadogo, na utazeeka kidogo darasani, hayo yatapita. Lakini sitamwambia baba yako kwa niaba yako, na sitanyamaza pamoja nawe. Nilikwisha kushirikiana na mtu mmoja kunyamaza, na wewe umeona matokeo yake.

Kuna jambo hulijui. Wiki iliyopita baba yako alinipigia simu kuniuliza rafu za duka la dawa huwa na upana gani. Amekiondolea vitu chumba cha mbele, kile kinachotazama barabara. Amemwita fundi. Nilimuuliza mbona haraka, akasema anataka ukirudi ukute tayari, ukosoe tu pa kukosoa. Alikuwa anacheka. Kila siku unayonyamaza, fundi anapigilia ubao mwingine, na baba yako yuko pembeni ameshika misumari. Wewe tayari umepewa jiwe, mwanangu. Wanakungoja useme.

Usingoje upate maneno mazuri, hayapo. Usingoje ufaulu kwanza huko ulikohamia ili habari iende ikiwa tamu, maana siku hiyo utakuwa unajisifu, hutakuwa unasema kweli. Nenda ukamwambie wakati bado una hofu. Akinuna, anune, kaa hapohapo nyumbani, teka maji, pika, mpe shikamoo yake asubuhi hata asipoitikia. Na huko utakakoelekea, ukikaa na watu na ukaona nyusoni mwao wanachotaka kusikia, mkumbuke Hamisi, ambaye hukumjua, kabla hujafungua mdomo.

Lile jiwe tunalozuilia mlango wa sebule, ambalo ulipokuwa mdogo ulikuwa unavunjia karanga, ndilo hilo. Baba yako anadhani ni kumbukumbu ya Mjomba tu. Siku ile nilipokiri kwa mama, habari ya kuhama niliisema yote, lakini ya Hamisi niliiruka, na Mjomba pale mlangoni aligeuka akanitazama. Mpaka leo sijamwambia mtu wa nyumbani. Wewe ndiye wa kwanza, na nina umri huu. Ona mtu anavyoweza kuzeeka na jambo.

Nimelifunga kwa gazeti, liko chini kabisa ya mfuko wa michembe aliokufungashia mama yako mkubwa. Ukifika Didia mpe baba yako mkononi. Atakuuliza ni la nini. Hapo ndipo uanze kusema lako, na usiliguse langu. Langu nitakuja kulisema mwenyewe Jumapili, baada ya kanisa, na mimi pia naogopa.

Mungu akutangulie, mwanangu. Akupe ulimi mwepesi wa kweli na moyo usioona aibu kuanza upya. Akupe mezani watu watakaokuamini, nawe usiwaache mikono mitupu. Na mzee wako aje akutaje kwa jina jipya kisimani, kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya mto.

Wabeja kwa kunisikiliza hadi mwisho. Sasa nenda, fundi anaanza kazi saa mbili.